Elimu ya Sandukuni



Ndugu msomaji, nakuandikia kutoka Manda, wilaya ya Ludewa, mkoa wa Njombe, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, pale Mto Ruhuhu unapomwaga maji yake ziwani. Wajerumani walipafanya hapa bandari yao wakapaita Wiedhafen. Wao wamekwenda zao na jina lao limekwenda nao, na Manda imebaki kuwa Manda. Mimi si mwenyeji wa huku. Nimezaliwa Kilwa Kivinje, nikasomeshwa juu ya mkeka kwa mwalimu wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mwaka 1992 nikaitwa kuja kuwasomesha watoto wa Waislamu wachache walioko ufukoni hapa. Nilikuja kwa mwaka mmoja, na mwaka huo mpaka leo haujaisha.

Njia niliyoifuata haikuwa ngeni. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya Kilwa ilikuwa ikija mpaka kwenye ziwa hili kutafuta pembe za ndovu na, Mwenyezi Mungu atusamehe, kutafuta watumwa. Nilipopanda gari kuja huku nilijiambia: wazee wetu walikuja kuchukua, mimi ninakwenda kupeleka. Neno hilo lilinipendeza sana, nikalirudia mara nyingi mbele za watu. Soma mpaka mwisho, ndugu yangu, kisha uniambie kama lilikuwa la kweli.

Nimeuzoea ugali wa muhogo, na usipa nimewazoea kama nilivyozoea dagaa wa kwetu. Lakini kipo kitu kimoja nilichotoka nacho pwani ambacho sikukiacha, nacho ni kupenda vitabu. Vitabu vya dini huku haviuzwi. Kila nikipata kijisenti humtumia rafiki yangu aliyeko Dar es Salaam, naye hunitafutia Kariakoo, akavifunga vizuri na kuvipakia kwenye basi. Vitabu huteremshwa Makambako, pale njia kuu ya Mbeya inapoachana na njia ya Songea, na reli ya TAZARA inapopita. Kutoka hapo hupanda gari la Njombe, mji ulio juu karibu mita 2,000, ambako mtu huvaa koti hata saa sita ya mchana. Kisha Ludewa, kisha huteremka milima mpaka huku kwetu ziwani, mahali pa joto. Kwa hivyo kitabu hunifikia kikiwa kimepita baridi na joto, vumbi na matope. Nami hukipokea kama mtu anavyompokea mgeni wake aliyetoka Hija.

Acha nikueleze nisomavyo, kwani kila msomaji ana ada yake. Baada ya sala ya Alfajiri husoma Kurani, kisha hufungua tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, ile Qurani Takatifu iliyotolewa kamili Nairobi mwaka 1969 na Islamic Foundation. Nakala yangu nilipewa na mwalimu wangu nilipokhitimu, na jalada lake limeshonwa mara tatu. Baada ya Alasiri, watoto wakisha kuondoka, husoma kitabu cha Kiarabu, na mwaka jana kilikuwa ni safari za Ibn Battuta. Baada ya Isha, kwa taa ya jua, humsomea mke wangu kitabu cha Kiswahili. Yeye anasoma Kurani vizuri kuliko mimi, lakini herufi za Kizungu hazimpendezi. Anachokipenda ni Shaaban Robert. Nikisinzia katikati ya ukurasa hunigusa bega akaniambia, "Maalim, umemwacha mtu wa watu njiani."

Hii ndiyo ada yangu, na ukiitazama hivyo utaniona mtu mwema. Sasa ngoja nikuoneshe daftari.

Tangu nilipofika Manda nina daftari moja la shule ambamo huandika kila kitabu ninachotaka kukisoma, kile nilichokwisha kukinunua na kile nilichokisikia tu. Nikikimaliza hukipigia mstari. Kitabu cha mwanzo kabisa mle ni tarehe ya mji wangu mwenyewe, Kitab as-Sulwa, habari za masultani wa Kilwa zilizoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya kumi na sita. Nakala yake ya mkono iko London, na Kiarabu chake kilipigwa chapa huko mwaka 1895. Mimi mtoto wa Kilwa, mwenye mvi kichwa kizima, sijakisoma mpaka leo! Chini yake viko vingine na vingine, na daftari limezidi kujaa, kwani kila kitabu nikisomacho hunitajia vingine vitatu.

Usiku mmoja nilihesabu. Mistari yote ilikuwa 212. Niliyokwisha kuipigia mstari ilikuwa 100, iliyobaki 112. Nikajiuliza: mwaka uliopita nilimaliza vitabu vingapi? Vinne, kwa sababu macho yamepungua nuru na miwani niliyoinunua Njombe nayo imechoka. Basi 112 kwa vinne ni miaka 28. Nami nina miaka 66. Kwa hivyo ningeacha kuongeza hata kitabu kimoja tangu usiku ule, ningevimaliza nikiwa na miaka 94, Mwenyezi Mungu akinipa umri huo na macho hayo. Nikalifunga daftari, na usingizi ukanipaa.

Lakini hesabu hiyo, ndugu msomaji, siyo iliyonisuta. Mtu kufa na vitabu ambavyo hajavisoma si aibu. Neno la kwanza lililomshukia Mtume wetu (S.A.W.) lilikuwa ni amri ya kusoma, na katika Kurani ameamrishwa aombe azidishiwe elimu, wala hapakuwekwa mpaka wa kusema basi inatosha. Imam Nawawi, ambaye Riyadh as-Salihin chake kimo katika nyumba nyingi za pwani, aliishi miaka arubaini na mitano tu, na yasimuliwa kuwa katika ujana wake akihudhuria darsa kumi na mbili kwa siku. Ikiwa yeye hakuimaliza elimu, nani ataimaliza? Daftari refu ni dalili ya njaa njema. Kilichonisuta mimi ni kitu kingine.

Katika wanafunzi wangu yuko kijana mmoja mvuvi wa usipa. Usiku yuko ziwani na taa zake, asubuhi anaanika samaki, na Alasiri anakuja darsani macho mekundu, hakosi. Siku moja niliwasimulia juu ya kitabu cha Sheikh Farsy kinachoeleza habari za wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika ya Mashariki, kilichotoka Mombasa mwaka 1972. Nikawaambia kwamba nimeletewa nakala iliyorudufiwa kutoka Dar es Salaam, na kwa hakika nilisema hivyo kwa kujionesha kidogo. Darsa lilipokwisha yule kijana akabaki nyuma.

"Maalim," akasema, "naomba uniazime kile kitabu cha wanavyuoni."

Nikamjibu, "Mwanangu, bado ninakisoma. Nikimaliza nitakupa."

Ndugu msomaji, kitabu kile kilikuwa sandukuni, ndani ya nailoni iliyofungwa na rafiki yangu, na fundo lake sikuwahi kulifungua.

Kwa nini nilisema uwongo? Nimejiuliza sana. Sababu ya kwanza ni kwamba vitabu vingi nilivyowaazima watu havikurudi. Sababu ya pili nakuambia kwa haya: niliiogopea mikono yake yenye harufu ya usipa. Na ya tatu, iliyo mbaya kuliko zote, ni kuwa niliona tamu kuwa na kitabu ambacho mwingine hana.

Alirudi kuuliza baada ya mwezi, nikamjibu vilevile. Akauliza tena baada ya Mfungo Mosi, nikamjibu vilevile. Mara ya nne hakuuliza. Alilitazama sanduku tu, kisha akaniaga. Baada ya hapo hata kulitazama aliacha.

Sasa sikiliza ajabu ya nafsi. Katika siku zizo hizo nilikuwa nikisoma safari za Ibn Battuta, nikafika pale alipoingia Kilwa mwaka 1331. Anamtaja sultani wa siku hizo, al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake. Anasimulia kuwa Ijumaa moja sultani alipokuwa akirudi kutoka msikitini alizuiwa njiani na fakiri mmoja wa Yemen, akamwomba nguo zile alizozivaa. Sultani akakubali. Fakiri akasema anazitaka saa ile ile. Basi sultani akarudi msikitini, akaingia kwenye nyumba ya khatibu, akazivua nguo zake akavaa nyingine, na zile akampa yule fakiri.

Nilifurahi mno kuyasoma haya, kwani ni habari ya mji wangu. Ijumaa iliyofuata nikayafanya mawaidha msikitini. Nilisema kwa sauti kubwa kuhusu mtu anayetoa nguo iliyo mwilini mwake. Watu walinisikiliza, na wengine walitikisa vichwa. Yule kijana alikuwa amekaa safu ya pili.

Mvua za huku huanza kama Novemba zikaendelea mpaka Aprili. Mwaka huu, katikati ya mvua, mke wangu alikuwa akifagia chumbani, akaona mstari wa udongo umepanda ukutani nyuma ya sanduku. Akaniita. Sanduku lenyewe ni la mbao laini, nami nimelilaza juu ya sakafu ya udongo miaka yote hiyo. Nilipolifungua juu palikuwa pazuri, vitabu vimepangwa kama nilivyoviacha. Nikainua cha kwanza, nikainua cha pili. Cha tatu kilipofika mkononi kilikuwa chepesi kama ganda la yai. Mchwa walikuwa wameingia kwa chini.

Vitabu kumi na kimoja vimeliwa. Na katika hivyo kumi na kimoja, nilivyokwisha kuvisoma vilikuwa viwili tu. Kitabu cha wanavyuoni kilikuwa miongoni mwao. Nailoni yake kwa juu ilikuwa nzima, na fundo limekaza kama lilivyotoka Kariakoo. Lakini ndani mlikuwa na udongo, na katikati ya udongo vipande vya karatasi ambavyo hata jina la mtu mmoja huwezi kulisoma. Mke wangu alikaa kimya muda, kisha akasema, "Maalim, mchwa wamemaliza kukisoma kabla yako."

Hapo nilikumbuka kisa cha Imam Ghazali ambacho mwalimu wetu alikuwa akitusimulia tulipokuwa watoto. Yasimuliwa kwamba alipokuwa kijana anarudi Tus kutoka Jurjan, alipokwenda kutafuta elimu, wanyang'anyi waliushika msafara wao. Wakachukua kila kitu pamoja na mkoba uliokuwa na maandishi yake ya darsa. Akamfuata mkuu wao akamsihi amrudishie maandishi tu, kwani ndani yake imo elimu aliyoihamia mbali. Yule mnyang'anyi akacheka, akamwuliza vipi anadai kuwa ana elimu, na wao wamemnyang'anya mkoba akabaki hana kitu. Kisha akamrudishia. Ghazali alilichukua neno lile kuwa ni onyo kutoka kwa Mola wake, akakaa miaka mitatu akiyahifadhi yote aliyoyaandika, hata awe hawezi tena kunyang'anywa. Naye ndiye huyo aliyekuja kuandika Ihya Ulum ad-Din, na alipofariki mwaka 1111 alikuwa ni mwalimu wa walimu.

Mnyang'anyi wangu mimi alikuwa mchwa, na yeye hakunirudishia. Wala sikuwa na la kumwambia, kwani Ghazali alau alikwisha kukaa darsani akaandika kwa mkono wake. Mimi nilikuwa na mkoba tu.

Nilikaa siku mbili. Siku ya tatu, baada ya Alfajiri, nilikwenda ufukoni wanakoanika usipa. Yule kijana aliponiona akaacha kazi yake, akapangusa mikono kwa haraka.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa jambo langu."

Nikamweleza yote. Nikamwambia kwamba sikuwa ninakisoma, na kwamba sikukifungua hata siku moja, na kwamba sasa kimeliwa na mchwa. Nikamwomba anisamehe kwa kumwambia uwongo mara tatu. Aliinama akitazama samaki wake, kisha akasema kwa upole:

"Maalim, mimi nilikuwa nikiwaambia wenzangu: kitabu kile lazima kina elimu kubwa sana, maana mwalimu wetu mzima hakimalizi."

Hakusema kwa kejeli. Wallahi ingekuwa kejeli ingaliniuma kidogo kuliko vile. Alinidhania wema muda wote huo, na dhana yake njema ilikuwa imelala juu ya uwongo wangu. Akanisamehe pale pale, akanifungia usipa katika jani la mgomba nirudi nao nyumbani.

Basi haya ndiyo niliyoyafanya tangu siku hiyo. Kwanza, sanduku nimelitoa nyumbani. Seremala amenitengenezea rafu ya mbao ngumu, tumeiweka madrasani, na miguu yake minne imesimama ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari ili mchwa wasipate njia. Pili, juu ya rafu liko daftari jipya, la kuazimia: jina la mtu, jina la kitabu, siku aliyokichukua na siku atakayokirudisha. Kwa miezi hii vimetoka vitabu kumi na tisa, na ambacho hakijarudi ni kimoja. Ninavyoona, mchwa walinidhulumu zaidi kuliko watu. Tatu, nimejiwekea sharti kwamba sinunui kitabu kipya mpaka nimalize nilichonacho mkononi na nimpe mtu wa kukisoma baada yangu.

Vijana wa siku hizi wataniambia kuwa shida yangu ni ya kizamani, kwani simu haili mchwa. Ni kweli. Mmoja wao ameniwekea vitabu mia mbili na zaidi ndani ya simu yangu, na vyote havina uzito hata wa punje. Namshukuru, Mwenyezi Mungu amjazi kheri. Lakini nimemwambia na wewe nakuambia: simu nayo ni sanduku. Mtu anaweza kutembea na maktaba nzima mfukoni akawa mjinga, kama nilivyoweza mimi kulala chumba kimoja na wanavyuoni nisijue habari zao.

Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiomba kinga kwa Mwenyezi Mungu dhidi ya elimu isiyonufaisha. Zamani nilidhani elimu hiyo ni uchawi na ramli na mfano wake. Sasa naogopa kuwa imo pia elimu njema kabisa, ya Kurani na ya Fikihi na ya tarehe, ambayo mwenyewe ameifunga fundo, hasomi wala haachi isomwe. Tuna zaka ya mali na tunaijua nisabu yake. Zaka ya elimu haina nisabu. Ukijua herufi moja, umfundishe asiyeijua. Ukiwa na kitabu kimoja, kipokezane. Na ndugu zangu wa pwani, nyumba zenu zina vitabu walivyoviacha mababu, vingine vimeandikwa kwa mkono, vimefungwa kwenye kitambaa juu ya kabati, na watu wanavionea fahari. Vifungueni leo. Mtazame kama vipo au yamebaki majalada.

Rafiki yangu wa Dar es Salaam amenipatia nakala nyingine ya kile kitabu cha wanavyuoni. Safari hii fundo lake lilifunguliwa na yule kijana. Wavuvi wa usipa hawatoki siku za mbalamwezi, kwani mwezi uking'aa taa haivuti samaki. Basi siku hizo huja kwangu baada ya Isha. Yeye husoma kwa sauti, kwa kuwa macho yake ni mazima, nami hueleza pale penye Kiarabu, kwa kuwa hicho ndicho nilichojaaliwa. Juzi tulifika kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, wanavyuoni wawili wa Unguja waliofariki wote wawili mwaka 1925, mmoja mzaliwa wa Ngazija na mmoja wa Lamu. Kijana akaniuliza walikutana vipi watu wa miji miwili iliyo mbali hivyo. Nikamwambia bahari ndiyo iliyowakutanisha, na elimu. Akasema, "Kama wewe na sisi, Maalim." Sikumjibu.

Kurasa zake zina harufu ya usipa sasa. Nimekiandika katika daftari langu, nambari 213, na tukikimaliza nitakipigia mstari, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.